Kwenu Nkunga: Tuonyesheni Fundi Akiwa Kazini

Dresden, Ujerumani

Wazazi wangu, kaka na dada zangu, na ninyi wadogo mliomaliza kidato cha nne,

Kazi yangu ya kufunga sola kwenye mapaa ya watu inaendelea. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu swali mnaloniuliza ni moja: kijana wa Nkunga anayetaka kazi ya umeme wa jua, wa maji au wa jotoardhi aanzie wapi?

Wengi wenu mmeshatazama video za kuhamasisha kazi hizo. Nami nimetumiwa kadhaa. Paneli zinang'aa, droni inapita juu ya bwawa, kiongozi anakata utepe, muziki mkubwa. Ikifika mwisho, kijana bado hajui chuo kipi kinafundisha, anahitaji ufaulu gani, fundi huamka saa ngapi wala hulipwa vipi. Video ya namna hiyo inausifu mradi. Kazi yenyewe haionekani.

Huku kuna maktaba ya filamu fupi za kazi inayoitwa BERUFE.TV, ya idara ya taifa ya ajira. Kamera inakaa na mwanagenzi au fundi mahali anapofanyia kazi, naye anaeleza anachofanya. Ufundi umeme hapa husomwa miaka 3 na nusu, muda mwingine kwa mwajiri, muda mwingine darasani, na mwanagenzi hulipwa posho yake. Mtoto wa shule anaweza kuyajua hayo yote kabla hajajaza fomu yoyote. Karibu na kwetu, Wakenya walianza mwaka 2012 kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up. Wataalamu huenda kwenye shamba la familia ya kweli, hutengeneza banda, hushauri juu ya udongo, na watazamaji huona kazi ikifanyika hatua kwa hatua. Nishati inahitaji kitu kama hicho, na wilaya yetu ya Rungwe ina mambo ya kuonyesha.

Anzeni na bayogesi, kwa kuwa ng'ombe wa maziwa wa kufungia bandani wamo katika kaya nyingi za wilaya yetu. Wawili au watatu wanatosha kulisha mtambo wa nyumbani. Mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani ulianza mwaka 2009 chini ya CAMARTEC, kituo cha teknolojia za kilimo na vijijini cha Arusha, ukafundisha mafundi waashi kujenga kuba la matofali chini ya ardhi. Kazi hiyo inataka akili. Plasta ya ndani lazima izuie gesi kabisa, maana ufa mwembamba tu unaweza kumrudisha mama kwenye kuni. Kinyesi huchanganywa na maji kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Vijidudu vinavyotengeneza gesi hupenda joto, kwa hiyo kwenye ubaridi wetu hufanya kazi polepole kuliko Kyela, na fundi lazima alizingatie hilo anapochagua ukubwa wa mtambo. Tope linalotoka huenda kwenye migomba. Sasa niambieni, ni video gani mliyowahi kuona ambamo fundi anaeleza hayo huku mikono yake imejaa saruji? Na soko lipo: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo halitafikiwa bila watu wa kujenga, kufunga na kukarabati.

Sola nayo isimuliwe kwa hali ya kwetu. Video iliyopigwa Dodoma haimsaidii sana fundi wa Tukuyu, ambako wingu hukaa na mvua za Machi na Aprili hazina mchezo. Hapa Dresden, mwezi Desemba, paneli hutoa sehemu ndogo tu ya umeme unaopatikana Juni, lakini mapaa yamejaa paneli. Huko nyumbani siri iko kwenye hesabu: mfumo unaojitegemea kwa betri fundi huupimia kwa mwezi mbaya kuliko yote. Kijana akionyeshwa hesabu hiyo ubaoni, kwa dakika mbili, ataelewa kwamba kazi hii inataka hisabati, na mwenye kupenda hisabati atajitambua.

Halafu kuna jotoardhi. Ngosi na Kiejo-Mbaka za huko kwetu ni majina yanayotajwa na wataalamu wa nchi nyingi. Kampuni ya taifa ya jotoardhi, TGDC, ilichoronga visima vyembamba vya utafiti Kiejo-Mbaka mwaka 2021. Wenzetu wa Kenya walianza kuzalisha umeme Olkaria mwaka 1981, na leo sehemu kubwa ya umeme wao inatoka ardhini. Nyuma ya hizo megawati kuna wachorongaji, wachomeleaji, wakemia, wapima ardhi na madereva wa mitambo mizito. Hapa naomba tuwe wakweli kwa watoto wetu. Nafasi za kuchoronga ni chache na huisha kisima kikiisha. Video isiahidi ajira kwa kila mtu. Imwonyeshe kijana kwamba uchomeleaji atakaojifunza kwa ajili ya mabomba ya mvuke utamlisha hata akifanya kazi kiwandani au barabarani.

Njia za kusoma zipo na zitajwe wazi. Kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Kuna Chuo cha Ufundi Arusha, chenye kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa, penye mtambo wa zamani wa umeme wa maji. Mbeya hapo tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST. Na anayetaka kufunga umeme kwa watu anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, jambo ambalo vijana wengi hulisikia wakati wameshaanza kufanya kazi.

Nina sababu nyingine ya kusisitiza kwamba kamera iwe mikononi mwenu. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe kutoka hapa Saksonia mwaka 1891, na picha walizopiga za wazee wetu zimehifadhiwa Herrnhut, mji mdogo usio mbali na ninapoishi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walitengeneza huko Vugiri, Usambara, filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Miaka yote hiyo wengine walichagua sisi tuonyeshwe nini. Leo kijana wa kidato cha tatu ana simu mfukoni inayopiga picha safi kuliko kamera zao zote.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Mtafuteni fundi mmoja, wa kike ikiwezekana, maana wasichana wa Nkunga hawajaonyeshwa mwanamke juu ya paa. Zanzibar wapo akina mama wa vijijini waliofundishwa ufundi sola katika chuo cha Barefoot pale Kinyasini, kwa hiyo hakuna wa kutuambia haiwezekani. Mfuateni siku nzima. Aongee Kinyakyusa au Kiswahili, vyovyote anavyojisikia. Simu iwe karibu na mdomo wake, kwa sababu upepo na mvua juu ya bati huua sauti. Aseme alisoma wapi, alilipa nini, vifaa vyake ni bei gani, na mwezi usio na kazi anaishije. Isizidi dakika tano, isije ikamaliza bando la mtu.

Walimu wa shule za kata, ionyesheni darasani. Wachungaji, mna projekta kanisani, wapeni vijana jioni moja. Madiwani, msiombe kuonekana humo.

Nitumieni vipande mlivyopiga, hata vikiwa vibaya. Mimi na wenzangu wa hapa tutahariri, tutaweka maandishi chini ya picha, na tutalipia bando la wapigaji na posho ya fundi kwa siku aliyowapa. Anzeni kabla fomu za kujiunga na vyuo hazijatoka.


Ndugu yenu wa Dresden