Mashabiki wa Browns, Mason Graham hana deni la Travis Hunter

Alhamisi ya Aprili 24, 2025, mashabiki wa Cleveland Browns walikaa mbele ya runinga wakisubiri jina moja tu: Travis Hunter. Mshindi wa tuzo ya Heisman, kijana wa chuo cha Colorado anayecheza pande mbili. Anadaka pasi timu yake ikishambulia, kisha anabaki uwanjani kukaba. Browns walikuwa na chaguo la pili. Ilionekana kila kitu kimeshapangwa.

Zamu ikafika, Browns wakaiuza.

Nafasi hiyo walipewa Jacksonville Jaguars. Browns wakashuka hadi ya tano na kumchukua Mason Graham, mlinzi wa kati wa mstari wa mbele kutoka chuo cha Michigan. Umri miaka 21, uzito pauni 296, kama kilo 134. Kazi yake ni kusukumana na watu wakubwa kuliko yeye katikati ya uwanja, mahali ambapo jicho la mtazamaji halikai sana.

Sasa swali linalozunguka Cleveland ni hili: huyu kijana anatakiwa kufanya nini ili mashabiki waridhike? Na hapo ndipo naona watu wengi wanaanza vibaya. Wanampimia kwenye mizani isiyo yake.

Biashara yenyewe ilikuwaje

Kwa ambaye hafuatilii sana, NFL haina utaratibu wa usajili wa chipukizi kama soka letu. Kila mwaka timu zinachagua wanachuo kwa zamu, na zilizofanya vibaya ndizo zinazotangulia. Zamu hiyo ni mali. Unaweza kuitumia, unaweza kuiuza.

Browns walimaliza msimu wa 2024 wakiwa wameshinda mechi 3 na kupoteza 14. Ndiyo maana walikuwa na chaguo la pili. Walipoliuza, walipata chaguo la 5, la 36 na la 126, pamoja na chaguo la kwanza la Jaguars la mwaka 2026. Jaguars nao walipewa nyongeza mbili za chini, la 104 na la 200.

Kwa hiyo Browns hawakubadilisha Hunter kwa Graham, mtu kwa mtu. Walibadilisha Hunter kwa Graham, kwa mkimbiaji Quinshon Judkins waliyemchukua kwa lile chaguo la 36, na kwa mchezaji wa drafti ya 2026. Hesabu ya biashara hii haiwezi kufungwa mwaka huu. Yeyote anayeifunga sasa hivi, iwe kwa kusifu au kwa kulaani, anakisia tu.

Lakini shabiki hapimi hivyo, tuseme ukweli. Shabiki anafungua simu Jumapili usiku, anaona Hunter kadaka pasi ya kufunga, halafu anatafuta jina la Graham kwenye takwimu. Asipoliona, hasira.

Njaa ya miaka mitatu

Hasira hiyo ina sababu, na si haki kuidharau. Graham ndiye mchezaji wa kwanza ambaye Browns wamemchagua raundi ya kwanza tangu mwaka 2021. Miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, mashabiki wamekuwa wakitazama wenzao wakishangilia vijana wapya huku wao wakiwa mikono mitupu.

Sababu ni Deshaun Watson. Mwaka 2022 Browns waliipa Houston Texans machaguo matatu ya raundi ya kwanza ili kumpata kwotabeki huyo, kisha wakampa mkataba wa dola milioni 230, zote za uhakika. Matokeo yake kila mtu anayajua. Majeraha, kiwango cha chini, na timu inayotafuta kwotabeki hadi leo. Kwenye drafti hii hii wamechukua wawili, Dillon Gabriel raundi ya tatu na Shedeur Sanders raundi ya tano.

Mtu aliyekaa na njaa miaka mitatu, ukimwekea sahani mezani, hataki uji. Anataka pilau. Graham amekuja kwenye sahani hiyo.

Kuna na jambo la pili. Cleveland iko Ohio, na Ohio na Michigan kwenye mchezo huu hawapikiki chungu kimoja. Graham alikuwa kikosini Michigan ilipoifunga Ohio State mwaka 2022, ikaifunga tena 2023, na ikaifunga tena Novemba 2024 kwa 13-10, mechi ambayo karibu kila mtu aliipa Ohio State. Msomaji wa Dar es Salaam, chukua tu beki wa Yanga aliyeinyanyasa Simba miaka mitatu mfululizo, halafu uambiwe kuanzia leo ni wako, mpigie makofi. Browns si timu ya chuo, lakini mashabiki wake wengi ni walewale wa Ohio State.

Kichekesho ni kwamba Judkins alikuwa upande wa pili siku ile ya 13-10. Yeye ndiye alikuwa anajaribu kupita, Graham ndiye alikuwa anaziba. Leo wanavaa jezi moja.

Saki zinavyodanganya

Takwimu inayopendwa zaidi kwa walinzi wa mbele ni saki, yaani kumwangusha kwotabeki kabla hajaurusha mpira. Ni tukio zuri, uwanja mzima unasimama. Tatizo ni kwamba kwa mlinzi wa kati, tena mgeni, saki zinasema kidogo sana.

Angalia mifano. Chris Jones wa Kansas City Chiefs alipata saki 2 msimu wake wa kwanza, 2016. Quinnen Williams, aliyechaguliwa wa tatu na New York Jets mwaka 2019, alipata 2.5 tu msimu huo (ile nusu inakuja pale wawili wanapomwangusha mtu pamoja). Dexter Lawrence wa New York Giants, mwaka huohuo, naye 2.5.

Ukiwa shabiki mwenye haraka, hao wote ungewaita hasara. Jones alifika saki 15.5 mwaka 2018. Williams alipata 12 mwaka 2022. Lawrence mwaka 2024 alipata 9 katika mechi 12.

Ndiyo, wapo wachache walioingia na moto. Ndamukong Suh alipata 10 mwaka 2010 akiwa mgeni. Aaron Donald alipata 9 mwaka 2014. Lakini Donald ni wa kizazi kimoja. Kumdai kijana wa miaka 21 awe Donald ifikapo Desemba ni kumtafutia lawama kabla hajafunga kamba za viatu.

Halafu Graham mwenyewe hata chuoni hakuwa mtu wa saki nyingi. Miaka mitatu Michigan, saki 9 jumla. Mwaka wake bora, 2024, alipata 3.5. Waliomchagua waliziona namba hizo. Hawakununua saki.

Walinunua nini basi?

Walinunua fujo katikati. Graham alikuwa mwanamieleka shuleni huko California, na ukimtazama anavyocheza utaiona mieleka. Anashuka chini ya kifua cha mpinzani, anashika, anageuza, anapita. Januari 1, 2024, kwenye Rose Bowl, Michigan walipoitoa Alabama 27-20, yeye ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi. Wiki moja baadaye Michigan wakawa mabingwa wa taifa.

Dosari zipo. Mikono yake ni inchi 32 hivi, mifupi kwa kazi yake. Kwenye NFL atakutana na wazuiaji wenye mikono mirefu watakaomshika kifuani kabla yeye hajawashika. Hilo litamsumbua, hasa miezi ya mwanzo. Si siri, na shabiki akiliona asishtuke.

Sasa mweke pembeni ya Myles Garrett. Hapo ndipo hesabu inapoeleweka.

Tangu aingie ligi mwaka 2017 hadi mwisho wa msimu wa 2024, Garrett alikuwa na saki 102.5, zikiwemo 14 za msimu huo. Februari 2025 aliomba hadharani auzwe kwa sababu anataka kushinda. Mwezi uliofuata akakubali mkataba mpya wa wastani wa dola milioni 40 kwa mwaka. Wakati huo alikuwa na miaka 29. Timu pinzani zimezoea kumpelekea wazuiaji wawili, wakati mwingine na wa tatu anamgusa njiani.

Mlinzi wa kati mwenye nguvu anaivuruga hesabu hiyo. Wakimwacha Graham na mtu mmoja, anapita katikati na kwotabeki hana pa kusogea mbele. Wakimpelekea wawili, Garrett anabaki na mmoja, na hakuna kocha anayelala vizuri Garrett akiwa na mmoja. Mfumo wa Jim Schwartz, aliyekuwa kocha wa ulinzi mwaka 2025, uliwataka watu wa mbele washambulie mara mpira unapoanza, wasikae kusubiri. Mwaka 2023, mwaka wake wa kwanza pale, Browns waliruhusu yadi chache kuliko timu yoyote kwenye ligi.

Kumbuka pia wanakocheza. Kundi lao lina Baltimore Ravens wenye Derrick Henry, mtu wa zaidi ya kilo 110 aliyekimbia yadi 1,921 msimu wa 2024. Lina Joe Burrow wa Cincinnati, ambaye ukimpa sekunde tatu za utulivu umekwisha. Na Machi 2025 Browns walimwachia Dalvin Tomlinson, mlinzi wao mzoefu wa katikati. Pengo ni la kweli, na kijana anatakiwa kuanza kuliziba mapema.

Kwa hiyo inawezekana kabisa Graham akamaliza msimu na saki 3, Garrett akamaliza na zaidi ya zile 14, na sifa zote zikaenda kwa Garrett. Hiyo ingekuwa kazi nzuri ya Graham, hata kama jina lake halitaonekana kwenye karatasi.

Kivuli cha mwaka 2011

Mashabiki wa Browns wenye umri kidogo wana kidonda kingine. Mwaka 2011 walikuwa na chaguo la sita na Julio Jones alikuwepo. Wakaliuza kwa Atlanta Falcons kwa machaguo matano, mawili kati yake ya mwaka uliofuata. Mchezaji wa kwanza waliyemchukua siku ile alikuwa nani? Phil Taylor, mlinzi wa kati wa mstari wa mbele.

Taylor hakuanza vibaya. Mwaka wake wa kwanza alianza mechi zote 16 na kupata saki 4. Kisha majeraha yakamwandama, na mwaka 2015 aliachwa. Chaguo la kwanza la mwaka uliofuata likaenda kwa kwotabeki Brandon Weeden, ambaye hakudumu. Julio Jones, mwaka 2015 pekee, alidaka pasi za yadi 1,871.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mashabiki wanaona filamu ileile: nyota anayedaka pasi ameuzwa, jitu la katikati limeletwa, chaguo la mwakani limewekwa mfukoni. Naelewa.

Ila tuitazame ile biashara vizuri. Browns hawakuharibikiwa kwa sababu Taylor hakuwa Julio Jones. Waliharibikiwa kwa sababu yale machaguo mengine waliyopata yaliliwa vibaya. Kosa lilikuwa ofisini, siyo kwa mtu aliyekuwa anasukumana katikati. Hata safari hii, wa kujibu kuhusu Hunter ni meneja mkuu Andrew Berry, na chaguo la Jaguars la Aprili 2026 ni sehemu ya jibu hilo.

Cha kudai, na lini

Sisemi mashabiki wanyamaze. Chaguo la tano ni bei kubwa, na anayelipa bei kubwa ana haki ya kuuliza. Lakini aulize maswali yenye maana.

Mwaka huu, uliza: je, wapinzani bado wanakimbia katikati kirahisi? Je, Garrett anakutana na mtu mmoja mara nyingi zaidi? Je, kwenye jaribio la tatu, lile ambalo kwotabeki lazima apige pasi, Graham bado yuko uwanjani au anatolewa apumzike? Hilo la mwisho ni muhimu. Mlinzi anayeziba tu unaweza kumpata raundi ya tatu. Wa chaguo la tano lazima amsogelee kwotabeki.

Mwaka wa pili, mshinikizo wake uanze kuonekana hata kwa asiye mtaalamu.

Mwaka wa tatu, hapo hakuna tena visingizio vya ugeni. Kufikia Mei 2028 Browns watatakiwa kuamua kama wanamwongezea mwaka wa tano kwenye mkataba, haki ambayo timu inayo kwa wachezaji wa raundi ya kwanza. Ikiwa bado wanajiuliza siku hiyo, basi mashabiki watakuwa na haki ya kulalamika, na mimi nitakuwa miongoni mwao.

Kwa sasa, Jumapili ya kwanza ya msimu ikifika, jaribu kitu kimoja. Mpira unapoanza, usiufuate. Tazama katikati, mtazame yule kijana wa Michigan, uone amewashughulisha watu wangapi. Kama ni wawili, na Garrett anakuja mbio pembeni akiwa huru, basi kazi imefanyika. Usitafute jina lake kwenye takwimu usiku ule.