Unaamini kwa Sababu, au kwa Faida?

Leo ni Dominika. Huenda unasoma safu hii ukiwa umetoka kanisani, au unajiandaa kwenda, au hujaenda na huna mpango wa kwenda. Vyovyote iwavyo, nina swali moja kwako, swali ambalo Mkristo anaweza kuishi miaka mingi bila kuulizwa na mtu yeyote: kwa nini unamwamini Mungu?

Usijibu haraka. Nimewauliza vijana wanaojiandaa kwa Kipaimara, nimewauliza wachumba wanaokuja kuandikisha ndoa, nimewauliza hata wazee wa kanisa. Majibu mengi yanafanana. Ninaamini kwa sababu Mungu amenipa kazi. Ninaamini kwa sababu aliniponya. Ninaamini kwa sababu nilikuwa sina mtoto, sasa ninaye. Ni maneno mazuri ya shukrani, na shukrani ni wajibu. Lakini yasikilize tena. Nimeuliza sababu, nimejibiwa faida.

Hili si suala la kuchagua maneno. Sababu inakuonyesha kwamba jambo ni la kweli. Faida inakuonyesha kwamba jambo linalipa. Linalolipa leo laweza kukoma kulipa kesho, na aliyelishika kwa ajili ya malipo ataliacha siku hiyohiyo. Lililo kweli hubaki kweli hata siku linapokugharimu.

Biblia inalijua swali hili tangu zamani. Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Ayubu, Shetani hamshtaki Ayubu kwa wizi wala uzinzi. Anachohoji ni kama Ayubu anamcha Mungu bure. Mwondolee mifugo, mwondolee watoto, halafu tuone. Na katika sura ya 6 ya Injili ya Yohane, watu waliokula mikate wakashiba wanavuka ziwa kumtafuta Yesu, naye anawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu ya tumbo. Kabla sura haijaisha, wengi wameshaondoka. Wale Kumi na Wawili wanapoulizwa kama nao wanataka kwenda zao, Petro hataji mikate hata kidogo. Anajibu kwamba hawana mwingine wa kumwendea, kwa kuwa maneno ya uzima yako kwake.

Ninaliandika hili kwa sababu ninaona matokeo yake vigangoni na mitaani. Siku hizi Habari Njema inanadiwa kama bidhaa: njoo upate gari, njoo upate mume, njoo na sadaka nene uondoke na muujiza mnene. Wapo walioambiwa waache dawa za kufubaza virusi kwa kuwa wamekwisha kuombewa, nasi tukawazika. Na tusiwanyoshee kidole wengine tu. Hata sisi Wakatoliki tunao wanaofanya novena kama mtu anayelipia bili, na siku isipojibiwa wanadai kwamba Mungu amewadhulumu.

Katika miaka yangu ya upadre nimezika watoto wengi. Kando ya kaburi dogo nimesikia baba akiuliza: “Padre, tulifunga, tulisali, tulitoa sadaka. Tulikosea wapi?” Msomaji, swali hilo linaumiza kuliko msiba wenyewe, kwa maana mzazi huyu ana mizigo miwili. Amefiwa na mtoto, na tena ameaminishwa kwamba mtoto amekufa kwa sababu imani ya baba haikutosha. Hakukosea popote. Waliomkosea ni wale waliomfundisha kwamba kuamini ni mkataba wa biashara.

Sasa ni haki yako kunigeuzia swali: na wewe Padre, kwa nini unaamini? Nitakujibu kwa ufupi. Sababu zangu ni nne, na hakuna hata moja inayohusu nilichopata.

Ya kwanza ni kwamba vitu vipo. Zamani kijijini, moto ukizimika usiku, asubuhi mama alimtuma mtoto kuomba kaa la moto kwa jirani. Jirani naye huenda aliuomba kwa jirani mwingine. Lakini kama kila nyumba iliomba na hakuna hata mmoja aliyeuwasha, moto ungekuwapo? Urefushe mstari wa waombaji upendavyo. Kuongeza waombaji hakuwashi moto. Kila ninachokiona duniani kimeomba moto mahali pengine. Mimi nimetoka kwa wazazi wangu, mahindi yametoka kwenye mbegu, jua lenyewe lilikuwa na mwanzo na litazimika. Akili yangu inakataa kusimama mpaka ifike kwa Yule ambaye hakuomba uwepo kwa yeyote.

Kanisa halioni haya kutumia akili. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba binadamu anaweza kumjua Mungu kwa hakika kwa mwanga wa akili, akianzia kwenye viumbe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kabla ya kueleza njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo, aliandika kwanza hoja mbili nzito za wanaokana: kwamba uovu upo, na kwamba maumbile yanaweza kujieleza yenyewe bila Mungu. Hakuzificha. Na aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, akaendelea mwaka 1931 kueleza kwamba ulianza katika hali ndogo sana iliyosongamana, alikuwa padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Tena yeye mwenyewe hakutaka nadharia yake igeuzwe kuwa ushahidi wa dini. Fizikia aliiachia kazi yake, na imani aliiachia kazi yake. Mtu anayeamini kwa sababu haogopi maswali.

Ya pili ni dhamiri. Mchukue mwuza nyama mwenye mizani. Hakuna mkaguzi, mteja hajui hesabu, gramu mia moja zikipungua hakuna atakayejua. Hata hivyo kitu ndani kinamwambia: usifanye. Utasema ni malezi. Ni kweli malezi yanasaidia. Lakini malezi hayo hayo na mila zile zile huhukumiwa na dhamiri. Katika koo nyingi ilikuwa desturi mume akifa, ndugu zake wanachukua shamba, ng'ombe na hata sufuria, mjane anaondoka na watoto mikono mitupu. Wote walilelewa hivyo. Halafu akatokea mtu katikati ya kikao cha ukoo, akasimama akasema: hii si haki. Aliipata wapi sauti hiyo, ikiwa waliomlea walimfundisha kinyume? Haikumletea faida, pengine ilimpotezea sehemu yake ya urithi. Ninaamini kwamba kuna Haki iliyo juu ya koo, juu ya bunge na juu yangu mimi, na kwamba Haki hiyo inatuita kila mmoja kwa jina lake.

Ya tatu ni Yesu mwenyewe, na hasa Yesu wa msalaba. Hapa ndipo ninapokutana na hoja ya uovu, na ninaikuta nyumbani kwetu. Mama yangu mzazi aliugua kwa miaka mitatu. Nilikuwa tayari padre. Niliadhimisha Misa nyingi kwa ajili yake, nilimpa Mpako wa Wagonjwa kwa mikono yangu. Hakupona. Alikufa akiwa na maumivu, Rozari ikiwa imezungushwa kwenye kiganja kisichoweza tena kuishika. Kama imani yangu ingekuwa ya faida, ingezikwa pamoja naye.

Haikuzikwa, nami nitakueleza kwa nini. Mathayo anasimulia katika sura ya 27 kwamba wakuu wa makuhani walimdhihaki Yesu pale Golgota: ashuke msalabani, nao watamwamini. Tazama vizuri wanachokitoa. Ni ile imani ya biashara: tuonyeshe faida, nasi tutakulipa kwa kuamini. Yesu hakushuka. Alikataa kuinunua imani ya watu kwa bei hiyo. Mungu ninayemwamini haangalii mateso akiwa mbali. Aliingia ndani yake, akalia, akaona kiu, akafa mbele ya mama yake. Hilo halinipi jibu la kwa nini mama yangu aliugua. Linanipa Mungu ambaye ninaweza kukaa naye kando ya kitanda hicho bila kuona kwamba ananidanganya.

Wala hadithi haikuishia kaburini. Wanafunzi waliokimbia usiku wa Alhamisi, na Petro aliyemwogopa hata kijakazi, muda mfupi baadaye walisimama Yerusalemu wakitangaza kwamba Bwana amefufuka. Walipata nini? Mijeledi, vifungo, na wengine kifo. Watu hudanganya ili wapate kitu. Mimi sijui kundi la watu linalokubaliana kutunga uongo ili tu lipigwe.

Ya nne ni mashahidi, na sina haja ya kwenda mbali. Wamisionari Wakatoliki walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 waliondoka kwa kuhofia usalama wao, wakahamia kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakarudi mwaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu waamini wale wachanga hawakuwa na padre wala Misa, lakini walifundishana wenyewe na kuongezeka. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Kizito, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka kama 14. Wenzao Waanglikana walikufa nao siku ile, pamoja. Vijana hawa walihudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Cheo na mali vilikuwa mbele yao kama wangekubali kuikana imani. Kwa hesabu ya faida, walipata hasara tupu. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale Wakatoliki 22, tarehe 18 Oktoba 1964, alikuwa anaonyesha dunia nzima kwamba imani iliyoingia miaka saba tu kabla ya kifo chao ilikuwa tayari na mizizi.

Nisikudanganye: sababu hizi nne hazikulazimishi. Hazifanani na hesabu ya mbili jumlisha mbili. Mtu mwenye akili na moyo safi anaweza kuzisoma zote akabaki na mashaka, nami ninamheshimu. Wala haziondoi giza. Barua za Mtakatifu Teresa wa Kalkuta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miaka mingi mama yule hakuhisi uwepo wa Mungu. Aliendelea kuwaokota wanaokufa barabarani. Hisia zilikuwa zimeondoka, lakini hakuacha. Hiyo ndiyo imani ya bure ambayo Shetani alidhani haiwezekani.

Usinielewe vibaya. Sisemi tuache kuomba. Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku, na mtoto asiyemwomba baba yake kitu ana tatizo na baba yake. Omba kazi, omba afya, omba mvua, na ukipata rudi useme asante kama yule mkoma mmoja kati ya kumi. Lakini mtoto anayempenda baba siku ya kupewa viatu tu, huyo anapenda viatu.

Basi nakupa kazi ndogo ya juma hili. Chukua karatasi, igawe katikati. Upande mmoja andika faida ulizopata katika kumwamini Mungu. Upande wa pili andika sababu: kwa nini ungeendelea kuamini hata kama hizo zote zingeondolewa kesho. Usishangae upande wa kwanza ukijaa na wa pili ukabaki mweupe. Usikate tamaa pia, anza hapo. Muulize katekista wako, muulize paroko wako, soma, bishana, sali. Mtume Petro, katika sura ya 3 ya waraka wake wa kwanza, anawataka Wakristo wawe tayari daima kutoa hoja za tumaini lililo ndani yao, tena kwa upole na heshima.

Na ninyi wazazi, mtoto akiwauliza mezani kama kweli Mungu yupo, msimkemee wala msimwambie kwamba ni dhambi kuuliza. Mwambieni sababu zenu. Asipozipata kwenu, atakutana na mtu mwingine atakayempa faida badala yake, na siku faida ikiisha, atawaambia kwamba Mungu naye ameisha.

Nakutakia Dominika njema.