Senema ya Mapenzi ya Shuleni

Wako waonao kuwa senema ya kuchekesha juu ya mapenzi ya wanafunzi ni upuuzi wa kupotosha vijana. Sisi hatuafiki. Mwaka 1981 Bill Forsyth alitoa "Gregory's Girl", iliyotengenezwa kwa fedha chache huko Scotland: mvulana ampenda msichana aliyetwaa nafasi yake katika timu ya kandanda ya shule. Watu walicheka, wala heshima ya mtu haikuvunjwa.

Kwetu mapenzi hayo mara nyingi hayatajwi mpaka mimba ionekane. Zanzibar iliwaruhusu wasichana hao kurudi darasani mwaka 2010, Bara mwaka 2021. Ni jambo jema, lakini huja baada ya tukio.

Vijana wa Unguja na watengeneze senema yao, ionyeshwe Ngome Kongwe, zilikoonyeshwa nyingi za tamasha la ZIFF, na wazazi wakae safu ya mbele. Kicheko hufungua mazungumzo ambayo ukali umeyafunga.