Siku ya Theluji Isiwe Siku ya Kumfungia Mtoto Mbele ya Skrini

Leo tuongee kuhusu theluji. Najua, sisi huku Kenya theluji tunaiona kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya. Lakini ndugu zetu walioko Minnesota, Massachusetts na Toronto wanaijua vizuri. Unaamka, barabara haipitiki, simu inaleta ujumbe kwamba shule imefungwa. Ikifika saa nne watoto wameshachoka na katuni, na wewe umetoka zamu ya usiku, unatafuta usingizi.

Tangu korona ya mwaka 2020, shule nyingi za Marekani zimepata jibu lao: hakuna kufunga, kila mtoto asome kwa mtandao akiwa nyumbani. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Mji wa New York ulilijaribu tarehe 13 Februari 2024, dhoruba ilipokuja. Mji huo una wanafunzi wapatao 900,000. Asubuhi walipoanza kuingia, mfumo wa kuthibitisha majina na nywila ukalemewa, na watoto na walimu wengi wakabaki nje. Yeyote aliyewahi kuandika programu anajua kilichotokea: ukiwaambia watu wote wapite mlango mmoja saa ile ile, mlango utakwama.

Lakini mimi sibishani kuhusu seva. Seva huongezwa. Hoja yangu ni kwamba hata mfumo ukifanya kazi vizuri, kumkalisha mtoto wa miaka saba mbele ya video kwa saa tano si kumfundisha. Ni kumtuliza tu. Na anayeumia zaidi ni yule ambaye mzazi wake yuko kazini au amelala baada ya zamu, maana hakuna wa kukaa naye akimsukuma.

Maoni yangu ni haya: siku ya theluji mpe mtoto swali moja ambalo jibu lake halijui, na vifaa vya kulitafutia. Tarakilishi iwe chombo cha kutengenezea kitu, isiwe ya kutazama tu. Nitatoa mifano mitatu, na yote haina gharama.

Kwanza, theluji yenyewe. Jaza kikombe theluji mpya bila kuishindilia. Mwambie mtoto achore alama pale anapodhani maji yatafika ikiyeyuka, kisha kiache mezani. Wengi huchora karibu na ukingo. Theluji laini mara nyingi hutoa maji kiasi cha sehemu moja tu kwa kumi, kwa sababu sehemu kubwa ni hewa. Ajaribu tena na theluji iliyoshindiliwa, aandike vipimo. Hapo amekisia, amepima na amelinganisha. Hiyo ndiyo sayansi.

Pili, kadi tano za karatasi. Chora nukta 16 kwenye ya kwanza, kisha 8, 4, 2 na 1. Muulize: ni kadi zipi utafunua ili upate 19? Ni 16, 2 na 1. Kwa kadi hizo tano anaweza kupata namba yoyote kuanzia 0 hadi 31, kwa hiyo kila mtoto ataweza kuandika tarehe yake ya kuzaliwa. Tarakilishi nayo huhesabu hivyo hivyo, na mtoto ameelewa bila umeme wala intaneti. Mkubwa amfundishe mdogo, nawe upate usingizi wako kidogo.

Tatu, kwa wenye miaka minane na zaidi, kuna Scratch. Programu hii ilitolewa na MIT mwaka 2007. Ni ya bure, inapatikana kwa Kiswahili, na ukishaipakua hufanya kazi bila intaneti. Ipakue mapema kabla dhoruba haijaja.

Kazi ya kumpa ni hii: atengeneze saa ya nyanya. Wakati wa baridi Nairobi iko mbele ya Minneapolis kwa saa 9. Halafu sisi kwa Kiswahili tunahesabu saa 6 nyuma ya namba inayoonekana kwenye saa. Mtoto akifikiri atagundua kwamba 9 kutoa 6 ni 3. Basi achukue saa ya kwao, aongeze 3, na jibu likizidi 12 atoe 12. Ikiwa saa yao inaonyesha 10 asubuhi, anapata 13, akitoa 12 inabaki 1. Huku kwetu ni saa moja jioni.

Kuna watakaosema masomo yatabaki nyuma. Siku moja ya hesabu za kitabuni hufidiwa wiki inayofuata. Lakini mtoto anayekulia ugenini, aliyejifunza hesabu, programu na saa za Kiswahili kwa mpigo mmoja, hilo shule yake haitampa.

Akimaliza, kila programu lazima ijaribiwe. Mpigie nyanya simu, mtoto mwenyewe amuulize, "Shikamoo nyanya, huko ni saa ngapi?" Nyanya akijibu saa moja na ugali uko jikoni, programu imefaulu.