Mashuka ya "Pamba" Yasiyo Pamba: Dada Wauzaji, Tuache



Leo tunasema na wenzetu tunaouza mashuka, wa madukani na wa mitandaoni. Tunasema kwa sababu na sisi tumo. Mashuka na foronya mengine tunashona wenyewe, mengine tunanunua yaliyo tayari. Miaka ya nyuma tukiulizwa, "Hili pamba?" tukijibu, "Pamba tupu, habibty," kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye mfuko. Hatukuwahi kupima.

Siku moja mteja akarudi na shuka alilomnunulia mama yake, mtu mzima, mgonjwa wa kulala kitandani. Hakuja na ugomvi. Alisema tu, "Mama halali. Linamgandia, anaamka kalowa jasho." Tukachomoa uzi mbele yake, tukautia kiberiti. Ukanywea, ukayeyuka, ukabaki punje nyeusi ngumu. Pamba haiyeyuki. Pesa zake tulimrudishia, lakini usingizi wa mama yule tungeurudisha vipi?

Tunalijua jibu lenu: "Wateja wanataka rahisi." Sawa, wauzieni rahisi! Poliesta si haramu. Hukauka upesi, haikunjiki ovyo, na kwa mwenye kipato kidogo inamfaa. Kosa ni kuiita pamba. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, alimuuliza mwenye mali kwa nini asikiweke kilicholowa juu, watu wakakiona. Basi na sisi tuweke juu. Tuseme: hili pamba bei hii, hili mchanganyiko bei hii, hili poliesta bei hii. Mteja achague mwenyewe.

Na vipimo je? Tunamuuzia mtu shuka la futi 7 kwa 8 tukimwambia ni la kitanda cha 6 kwa 6. Hesabu ni nyepesi. Futi 7 ni inchi 84, godoro lina upana wa inchi 72. Zinabaki inchi 12, yaani 6 kila upande. Godoro la inchi 10 halifuniki hata ubavu, seuze kuchomekea chini. Halafu tunasema watoto wake ndio wanaovuruga kitanda! Sura ya Al-Mutaffifin tunaisoma, tukifika kwenye futi tunaisahau.

Bibi zetu walijua marikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19. Jina lenyewe lilisema kilikotoka. Sisi leo tuna majina matamu, na ndani hamna ukweli.

Nanyi wanunuzi, msinunue kwa mng'aro, hasa mashuka ya bi harusi. Ombeni uzi mmoja, uchomeni. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake husagika vidoleni. Ukiyeyuka, si pamba. Ukiwaka na kuacha punje, ni mchanganyiko. Liangalieni shuka kwenye mwanga. Mkiona uwazi mwingi kati ya nyuzi, halitadumu. Godoro lipimeni na unene wake kabla hamjatoka nyumbani.

Mkishapata la pamba, lifueni kabla ya kulitandika, maana pamba hurudi kidogo maji ya mwanzo. Damu ni maji baridi, si ya moto, la sivyo doa linaganda. Wenye maji ya kisima ya chumvi, suuzeni mara mbili, sabuni isibaki ikakausha kitambaa. La rangi lianikeni kivulini. Jeupe jua ni rafiki yake. Na usiku mkikung'uta kitanda kabla ya kulala, kumbukeni hiyo ni sunna, si usafi peke yake.

Dada wauzaji, tunajua kodi ya fremu na tunajua mzigo unavyokaa bila kuuzika. Tangu tuanze kusema ukweli wapo waliotucheka, na wapo wateja walioondoka. Lakini riziki haikatwi na ukweli. Shuka ni kitu anachokilalia mgonjwa, mzazi na mtoto mchanga. Tusiwalaze juu ya uongo wetu.

Allah atujaalie biashara zenye baraka. Amin.