Kipupwe hiki tuvuke Kasesya

Najua nimepotea, ila mnajua wenyewe testi zilivyotubana. Leo nimerudi na dukuduku moja, nisipolitoa sitalala.

Ishu yenyewe ni hii. Tupo washikaji watano, na tangu mwaka wa masomo uanze tunajichanga. Kila bumu likitoka kila mtu anaweka elfu sitini pembeni, ili chuo kikifungwa Julai kila mmoja awe na laki tatu twende nje ya nchi. Sio Bagamoyo, sio Zenji. Nje ya nchi kabisa, mtu ukirudi una muhuri wa Uhamiaji wa kuwaringishia watu. Jumamosi hii tunakaa kuamua twende wapi. Mezani kuna Cape Town, kuna Livingstone, na kuna pendekezo langu ambalo nilipolitaja watu walicheka mpaka chai ikamwagika: Mbala na Mpulungu, Zambia, kwa kupitia mpaka wa Kasesya.

Nikiri kwanza. Mwezi wa pili mimi mwenyewe niliunga mkono Cape Town. Nani asiyetaka picha na Table Mountain nyuma yake? Wabongo hatuhitaji viza kwenda Sauzi, kwa hiyo nikajiona nimeshafika. Tatizo nauli ya ndege peke yake inapita milioni kwenda na kurudi. Tukaambizana kila mtu "atajiongeza", akaongee na wazee.

Wiki iliyofuata mmoja wetu akasema amejitoa. Eti kuna sherehe kwao. Nikaona kawaida. Juzi tumekaa nje ya hosteli usiku, umeme umekatika, ndio akaniambia ukweli. Hakuna sherehe. Nusu ya bumu lake linaenda nyumbani kumsomesha mdogo wake wa kidato cha tatu, na hiyo elfu sitini alikuwa anaipata kwa kuruka chakula cha mchana. Laki tatu angefika, milioni na ushee hafiki. Akaona bora adanganye sherehe kuliko kutuharibia. (Nimemwomba ruhusa kuandika hili, na jina simtaji.)

Jamani, mimi lilinichoma. Sisi wanne tulikuwa tunabishana hoteli ipi ina intaneti nzuri, kumbe siku tulipotaja mahali ndio siku tuliyomfukuza mwenzetu bila kujua. Ndipo nikaelewa kwamba kuchagua pa kwenda ni kuchagua nani abaki. Swali la kwanza lisiwe "pazuri wapi?" Liwe "pazuri wapi ambapo wote watano tutafika?"

Haya, tuweke huruma pembeni, maana najua kuna mtu atasema nataka tupigie kura umaskini. Tuangalie majira. Julai na Agosti ni kipupwe huku kwetu, na Cape Town ndio katikati ya masika yao. Mvua yao inanyesha wakati wa baridi. Boti za kwenda Robben Island huahirishwa bahari ikichafuka, na lile gari la kamba la kupanda Table Mountain husimama upepo ukizidi, tena matengenezo yake ya kila mwaka huwa wanayaweka kipindi hicho hicho cha baridi. Unalipa milioni halafu unaangalia ukungu dirishani.

Livingstone sina ugomvi nayo. Mosi-oa-Tunya hupata maji mengi zaidi mwezi wa nne, na ikifika Julai moshi wake umepungua kiasi kwamba unayaona maporomoko yenyewe, sio kulowa tu. Lakini ukivuka Tunduma una kama kilomita elfu moja hadi Lusaka, halafu nyingine kama 480. Hela yetu yote itaishia kwenye viti vya basi.

Sasa Mbala. Wengi wenu hamjafika Rukwa, mnajua tu stori za radi na uchawi. Mimi kwetu ni Milepa, chini bondeni kwenye Ziwa Rukwa, kwenye joto na mpunga. Juu kwenye nyanda za Ufipa, Sumbawanga mjini, ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe kikikaza asubuhi unaona pumzi yako. Kutoka Sumbawanga unakwenda Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo, halafu kama kilomita 50 unafika Kasesya. Ukivuka, Mbala sio mbali. Zambia ni SADC wenzetu, viza hakuna. Asiye na pasipoti asiumie na ile 150,000, Uhamiaji wanatoa hati ya dharura ya kusafiria. Sumbawanga tutalala kwa shangazi yangu, bure. Nimepiga hesabu mara tatu: basi la kutoka Dar na kurudi linakula kama nusu ya laki tatu, na inayobaki inatosha kama hamtaki mambo makubwa.

"Tukaone nini huko?" Hilo ndilo swali mliloniuliza kwa kicheko. Kaeni chini.

Wale wa historia, mnajua Vita ya Kwanza ya Dunia iliisha 11 Novemba 1918. Kwenye mitihani mnaandika hivyo na mnapata maksi. Huku kwetu haikuisha siku hiyo. Von Lettow-Vorbeck, yule jenerali wa Wajerumani aliyezungusha majeshi kuanzia Tanganyika mpaka Msumbiji, alikuja kuweka silaha chini 25 Novemba 1918, wiki mbili baadaye. Wapi? Abercorn. Na Abercorn ndio Mbala ya leo. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile walikuwa babu zetu, na waliokufa kwa njaa na maradhi hawana hata makaburi yanayojulikana. Mtu anasoma historia miaka mitatu, anataka kwenda nje ya nchi, halafu anapaona Mbala pa kuchekesha?

Mbala hiyo hiyo kuna makumbusho yanaitwa Moto Moto. Jina ni la utani la askofu Mfaransa Joseph Dupont, na vitu vyenyewe vilikusanywa na padri Mkanada, Jean-Jacques Corbeil, vikiwemo vifaa vya unyago wa wasichana wa Kibemba. Dada zetu wawili wa sosholojia, hapo mna mada ya utafiti ya bure.

Halafu Maporomoko ya Kalambo, mto wenyewe ndio mpaka. Maji yanaanguka mara moja tu, zaidi ya mita 200, na korongo wanataga kwenye kuta za bonde lake. Mtasema hayo unayaona hata ukiwa Tanzania. Kweli, upande wetu TFS wamejenga ngazi za kushuka. Ila upande wa pili, juu ya maporomoko, ndiko J. Desmond Clark alikochimba miaka ya 1950, na ndiko Septemba 2023 watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walipotangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Umri wake si chini ya miaka 476,000. Rudia kusoma. Binadamu kama sisi tuna kama miaka 300,000. Kabla mtu wa aina yetu hajakuwepo, kuna aliyekaa pembeni ya mto Kalambo akawa fundi seremala!

Ukiteremka kama kilomita 40 kutoka Mbala unafika Mpulungu, bandari ya Zambia kwenye Ziwa Tanganyika. Dagaa hao hao wa Kigoma wao wanawaita kapenta, ugali wanauita nshima, na karibu na hapo kuna magofu ya kanisa la Niamkolo la wamisionari wa London wa mwisho wa karne ya 19.

Sitawadanganya kwamba ni peponi. Baridi ipo, vumbi lipo, mall ya maana hamna, na kubadilisha kwacha mpakani kunataka macho manne. Anayekwenda nje kwa ajili ya vioo na ngazi za umeme atakasirika. Ila kwa hela yetu na kwa majira haya, sioni pa kupashinda.

La mwisho. Pasaka nilikuwa Milepa, nikamwambia bibi, "Shikamoo bibi, mwaka huu naenda nje ya nchi." Akafurahi, akauliza nchi gani. Nikamwambia Zambia, Mbala. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mume wangu, kwani Umambwe siku hizi imekuwa Ulaya? Mama yangu mimi katoka huko huko!" Kumbe mama yake alitoka ng'ambo ya Kalambo, akaolewa Ufipa, na bibi mwenyewe ndio akashuka bondeni na babu kufuata mpunga. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Anasema Kimambwe anakisikia bila shida, kwa sababu na Kifipa ni ndugu. Akanitajia kijiji. Akasema nikifika niulize kama ukoo wao bado upo, nirudi nimwambie. Bibi sasa haoni vizuri, na safari hiyo hawezi tena.

Kwa hiyo washikaji, Jumamosi mimi napiga kura Mbala. Mwenzetu aliyejitoa nimeshamwambia arudi, amesema anasubiri kuona. Ikishinda Cape Town sitanuna, picha zenu nitazitazama, ila mimi nitakuwa kwenye basi la Sumbawanga na yeye. Na mkikubali, tukishaganda na baridi ya juu, nitawashusha Milepa mkaote jua na kula wali mpya. Bibi ameshaulizia mtakuja wangapi. Nimemwambia watano.

Nawasilisha.