SHOKABSOBA ZA PIKIPIKI KUUKUU: NGUMU SI IMARA

Hapana mtaa hata mmoja katika Eastlands ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hata Umoja, Kayole na Dandora, usiokuwa na kituo cha pikipiki. Zamani mambo hayakuwa hivi. Jina la boda boda lilianza kwa waendesha baiskeli wa mpakani Busia katika miaka ya 1960, na pikipiki za abiria zilikuwa chache mpaka mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo. Tangu hapo zimeenea mjini na mashambani, na nyingi zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita zingali kazini. Injini yake imekwisha kufunguliwa mara mbili tatu, tairi na mnyororo vimebadilishwa mara nyingi kuliko mwenyewe awezavyo kukumbuka. Lakini shokabsoba za nyuma huachwa mpaka zimekufa kabisa. Na siku mwenye pikipiki aendapo kununua nyingine, fedha mkononi zikiwa kidogo, mara nyingi huchagua vibaya.

Sababu ya kuchagua vibaya ni kudhani ya kuwa shokabsoba ni springi tu. Sivyo. Kila shokabsoba ina vitu viwili vyenye kazi mbalimbali. Springi, ile inayoonekana kwa nje, hubeba mzigo. Katikati yake mna silinda yenye mafuta, na ndani ya silinda hupita ufito wa chuma wenye pistoni iliyotobolewa vitundu vidogo. Gurudumu likipanda tuta, springi hujikunja. Likishuka, springi hutaka kufyatuka kwa nguvu. Mafuta, kwa kuwa hayana budi kupita polepole katika vile vitundu, huizuia isifyatuke, na nguvu yake hugeuka kuwa joto. Mafuta yakivuja, springi hubaki peke yake bila wa kuituliza, na pikipiki hudunda kama mpira.

Hapo ndipo hatari ilipo. Gurudumu linalodunda haligusi barabara wakati wote, na breki ya gurudumu lililo hewani haisimamishi kitu. Mwendeshaji ashukaye Rabai Road jioni, abiria nyuma yake, mvua imenyesha, akakuta matatu imesimama ghafula mbele yake, hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, ni vema kupima zile za zamani. Pikipiki isimamishwe juu ya magurudumu yake, kiti kikandamizwe kwa nguvu, kisha kiachwe. Ikipanda mara moja na kutulia, silinda ingali nzima. Ikipanda na kushuka mara mbili au tatu, mafuta yamekwisha au sili imekufa. Itazamwe pia kama ufito una utelezi wa mafuta yaliyoshika vumbi. Kuna na kipimo kingine ambacho si watu wengi wakijuao: baada ya safari ya barabara mbovu, guseni silinda zote mbili. Iliyofanya kazi itakuwa na joto kidogo, na iliyokufa itakuwa baridi. (Ile ya upande wa ekzosi isiwadanganye, kwa maana hupata joto la bure.) Mwishowe, gurudumu la nyuma lisukumwe kushoto na kulia kwa mkono. Likicheza, huenda ubaya uko katika bushi za mkono ushikao gurudumu, na mtu aweza kununua shokabsoba mpya, akarudi nyumbani na ugonjwa ule ule.

Wanunuzi wengi wa Eastlands huenda Kirinyaga Road, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, au hununua katika maduka ya vipuri ya Kariobangi na ya mitaani kwao. Mambo yanayotokea dukani ni karibu yale yale kila siku. Mnunuzi huweka shokabsoba sakafuni, huilalia kwa kifua, nayo isipobonyea husema, “Hizi ndizo. Nipe hizi ngumu, mzee.” Mwenye duka hana sababu ya kubishana naye. Lakini kile alichokipima ni springi tu. Silinda, ambayo ndiyo yenye thamani, hakuipima hata kidogo. Na watengenezaji wa vitu vya bei ya chini wajua sana ya kuwa springi ngumu ni rahisi kutengeneza, hali silinda njema ni ghali.

Springi ngumu kupita kiasi ina madhara yake. Pikipiki ikiwa na mwendeshaji peke yake, springi hiyo haijikunji karibu kabisa, na kila shimo hupigwa moja kwa moja na fremu. Matokeo yake ni fremu kupasuka penye maungio, taa kukatika nyaya, na mgongo wa mwendeshaji kuuma kabla hajafika miaka 40. Waingereza waliyaonja hayo zamani. Pikipiki yao ndogo ya BSA Bantam ilipotoka mwaka 1948 haikuwa na shokabsoba ya nyuma kabisa. Mshituko wote ulipokewa na springi za kiti na mifupa ya mtu. Kutoka mwaka 1950 iliweza kupatikana ikiwa na springi ndogo penye ekseli, na mkono wa nyuma wenye shokabsoba mbili, kama ule wa pikipiki za leo, ukaja na Bantam ya mwaka 1956. Mtu anayefunga springi isiyobonyea airudisha pikipiki yake mwaka 1948, tena kwa fedha zake mwenyewe.

Watu husema, “Lakini sisi twabeba mizigo mizito.” Ni kweli, na neno hilo halistahili kudharauliwa. Mitungi sita ya maji ya lita 20 ni kilo 120, mbali na mwendeshaji. Na mkulima apelekaye maziwa au kabichi sokoni huongeza zaidi. Lakini dawa ya mzigo mzito wa mara kwa mara ni springi yenye hatua mbili, laini mwanzoni na ngumu mwishoni. Baadhi ya pikipiki za Bajaj, kama Boxer, zilitengenezwa na springi moja ndani ya nyingine kwa sababu hiyo hiyo. Aliye na pikipiki ya namna hiyo asikubali kubadilishiwa kwa springi moja nene ati kwa kuwa yaonekana ina nguvu. Na abiria watatu juu ya kiti kimoja hawana dawa ya shokabsoba: sheria ya barabara ya Kenya yaruhusu abiria mmoja tu, na waliounda chuma hicho walipiga hesabu yao kwa watu wawili.

Jambo la pili la kutazama ni urefu. Shokabsoba ya zamani ipimwe kwa rula, tangu katikati ya tundu la bolti ya juu hata katikati ya tundu la bolti ya chini, na kipimo kiandikwe kwa milimita. Mnunuzi achukue na ile ya zamani dukani, asitegemee kuambiwa, “Hii yaingia pikipiki zote.” Ikiwa ndefu mno, nyuma ya pikipiki huinuka, usukani huwa mwepesi kuyumba, mnyororo husugua mkono wa nyuma, na stendi ya pembeni huiacha pikipiki imelala karibu kuanguka. Ikiwa fupi mno, tairi hupiga madigadi siku ya mzigo. Tofauti ya milimita chache si neno. Tofauti ya upana wa vidole viwili ni neno kubwa. Unene wa bolti, upana wa bushi, na namna ya mshikio wa chini, kama ni tundu au ni uma, vilinganishwe vilevile. Fundi anayepanua tundu kwa tupa ili bolti iingie anaharibu kitu kipya mbele ya mwenyewe.

Ndipo ifuate silinda. Shokabsoba mpya mara nyingi hulazwa sandukuni miezi mingi, na hewa huingia mahali pa mafuta. Kwa hiyo isimamishwe wima kama itakavyofungwa, ikandamizwe mara kadhaa kwa uzito wa mwili, halafu ndipo ihukumiwe. Njema hurudi juu polepole, kwa mwendo mmoja. Mbaya huruka juu mara moja, au hurudi polepole hata nusu kisha ikashtuka, na pengine husikika mlio wa chuma kwa chuma. Ufito utazamwe: uwe mnene, uliong'arishwa sawasawa, usio na alama. Rangi nyekundu au ya dhahabu haina kazi. Zile zenye chupa ndogo ubavuni huwapendeza sana vijana. Katika nyingi za bei ya chini chupa hiyo ni pambo tu, haina gesi wala mafuta ndani yake, na mnunuzi hulipa kwa ajili ya kuibeba.

Je, itengenezwe ile ya zamani? Kama yaweza kufunguliwa kwa nati, na ufito haukuliwa na kutu, fundi hodari aweza kubadili sili na mafuta, na kazi hiyo ikadumu. Lakini shokabsoba nyingi za pikipiki ndogo zilifungwa kiwandani zisifunguliwe. Huko kwa mafundi wa jua kali hukatwa, hutiwa mafuta yoyote yaliyopo, kisha huchomelewa. Moto huo huo huunguza sili mpya hata kabla haijafanya kazi. Kutia vipande vya mpira wa tairi katikati ya springi ni kuifanya isijikunje, basi. Ya mtumba yenye ufito safi na silinda nzima yaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei ya chini kabisa, ila muuzaji awe mtu ajulikanaye mahali pake.

Kuhusu bei, chukua mfano. Jozi moja yauzwa shilingi 1,600 na kudumu miezi minne; nyingine yauzwa shilingi 3,600 na kudumu mwaka mzima. Yule wa kwanza atanunua mara tatu, jumla shilingi 4,800, na mara tatu atamlipa fundi, na mara tatu atakaa nusu siku bila abiria. Bei hupanda na kushuka, lakini namna ya kupiga hesabu ni hiyo. Ambaye hana zile 3,600 leo ana haki ya kusema kwamba hesabu haimpi fedha. Huyo ni afadhali atafute jozi ya kadiri, isiyo na pambo wala chupa, yenye silinda inayorudi polepole, kuliko ile ngumu inayong'aa kwa bei hiyo hiyo.

Zibadilishwe zote mbili pamoja. Mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huupinda mkono wa nyuma, na pikipiki huvuta upande mmoja penye kona. Pete ya kuongeza ugumu iliyo chini ya springi iwekwe hatua moja kushoto na kulia: ya chini kwa mtu peke yake, ya juu siku ya mzigo, kisha irudishwe. Baada ya siku mbili tatu za kazi nati zote nne zikazwe tena, kwa kuwa bushi mpya hukaa mahali pake baada ya kubebeshwa.